Kofi, Mkuki na Ushanga

Wasomaji wa riwaya za falme za kubuni, zile zenye ngome, panga na wafalme wanaogombea kiti, wana lalamiko moja la haki. Wahusika wawili wanachukiana sura nzima kwa sababu mmoja aliondoka kabla mwenzake hajamaliza kusema. Wangekaa chini kidogo tu, hadithi ingekwisha. Ugomvi wa namna hiyo hauna mizizi katika dunia ya kitabu. Mwandishi ameuchomeka kwa kuwa alihitaji vita. Kutoelewana kunakosimama ni kule ambako hata yote yakisemwa waziwazi hakuna kinachobadilika, maana sheria za dunia ile zimempa kila mmoja haki yake. Ufundi huo tunao hapa kwetu, pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, ule wa Busia na Malaba, na unastahili kuchambuliwa kwa makini.

Tuanze Tororo. Mapokeo ya Jopadhola yanasema Adhola alibaki na watu wake katika nchi hii, na nduguye Owiny akaendelea na safari kuelekea upande ambao leo ni Kenya. Bethwell Ogot aliyakusanya mapokeo ya aina hii kutoka kwa wazee na kuyaandika katika kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini, kilichotoka mwaka 1967. Juu kaskazini, kwa Waacholi na Waalur, kuna hadithi mashuhuri zaidi ya ndugu kutengana, ya Labongo na Gipir. Tembo anavamia shamba, Gipir ananyakua mkuki ulio karibu, na mkuki huo ni wa Labongo. Tembo anajeruhiwa na kukimbia nao. Gipir anatoa mikuki mingine, Labongo anaikataa yote: anataka ule ule. Gipir anakwenda hadi nchi ya tembo, anaupata, na anarudi pia na shanga alizopewa na bibi kizee. Siku moja mtoto wa Labongo anameza ushanga mmoja. Sasa Gipir ndiye anayetaka ule ule, na mtoto anapasuliwa tumbo.

Hakuna aliyesikia vibaya hapo. Kila ombi limeeleweka neno kwa neno. Msimulizi hajaeleza nyumba ya mfalme, mavazi wala idadi ya askari. Ameweka sheria moja tu, kwamba kuna vitu visivyolipika kwa vitu vingine, kisha akaitumia mara mbili. Mara ya kwanza tunamwona Labongo kuwa mkaidi. Mara ya pili, sheria ile ile inapomrudia mwenyewe, tunatambua kwamba hii ni dunia nzima inayoishi hivyo, wala si tabia ya mtu mmoja. Huo mrudio ndio unaoijenga nchi ya hadithi, na waandishi wengi wanaoanza na ramani wangefaidika wakianza na sheria ya namna hiyo.

Kazi iliyoandikwa inayofanya jambo hili kwa upana mkubwa ni *Kintu* ya Jennifer Nansubuga Makumbi. Muswada wake ulishinda tuzo ya Kwani? mwaka 2013, na kitabu kikatoka Nairobi mwaka 2014: riwaya ya Mganda iliyopata mchapishaji wake wa kwanza ng'ambo ya pili ya mpaka huu. Sehemu yake ya kale iko Buganda mwaka 1750. Kintu Kidda, gavana wa Buddu, yuko safarini kwenda kumpa heshima Kabaka mpya, Kyabaggu. Katika msafara yumo Kalema, kijana ambaye Kintu alimlea kama mwanawe, lakini aliyezaliwa na Ntwire, mgeni kutoka upande wa Rwanda. Kwa sababu ya kibuyu cha maji Kintu anampiga kofi, na kijana anakufa.

Kofi lenyewe ni la sekunde moja. Ufundi uko katika kurasa zinazolitangulia. Makumbi ameshatuonyesha nyumba ambamo watoto wa kulea na wa kuzaa hukua pamoja pasipo kuulizana asili, na ambamo ndoa za gavana ni kazi ya serikali kama zilivyo kazi zake nyingine. Kwa hiyo mkono wa Kintu ni mkono wa baba, na kwa sheria ya nyumba yake ana haki ya kumrudi mtoto. Ntwire naye ana sheria yake: mwana huyu ndiye peke yake aliye naye duniani. Kintu anarudi na kunyamaza. Msomaji akilia "sema basi!", atakuwa hajaisoma vizuri dunia hii. Kusema kungekiri kwamba Kalema hakuwa mwanawe hata kidogo, na nyumba yote imesimama juu ya imani kwamba alikuwa. Ntwire anausoma ukimya huo na kutamka laana. Naona hapa ndipo Makumbi alipowapita wengi: laana inafanya kazi kama hati ya deni, na vizazi vinavyofuata vinadaiwa bila kujua mkopo ulichukuliwa lini.

Kuna jambo la kihistoria linalofaa kusemwa. Wanahistoria wa Buganda huweka kutekwa kwa Buddu kutoka Bunyoro katika enzi ya Kabaka Jjunju, mwishoni mwa karne ya 18, yaani baada ya Kyabaggu. Gavana wa Buddu mwaka 1750 ni wa riwaya tu. Silioni hilo kuwa kasoro. Kintu anahitaji kutawala mbali na ikulu, ili safari iwe ndefu na nyika ya Lwera isimame kati yake na nyumbani, na hakuna jimbo lingempa vyote hivyo kama Buddu. Mwandishi akiisogeza historia, na aisogeze kwa haja kubwa kama hiyo. Anayeisogeza ili apate jina tamu la mahali hana utetezi.

Kitabu hakianzi mwaka 1750, bali Bwaise, Kampala, Januari 2004. Kamu Kintu, mmoja wa wazao wa Kintu Kidda, amechukuliwa nyumbani na viongozi wa mtaa, mikono imefungwa. Watu wanaiona mikono iliyofungwa, mmoja anaita mwizi, na umati unamuua. Tukilifikia kofi la Kalema baadaye, tunaelewa kwa nini Makumbi aliruka enzi ya ukoloni karibu yote: alitaka matukio hayo mawili yagusane pasipo kitu katikati. Umati wa Bwaise nao una sheria yake, na hakuna aliyekuwa tayari kumsubiri Kamu aeleze.