Ubongo Kabla ya Kisu

Uhalisia pepe katika upasuaji wa ubongo ni ufundi wa kuipita njia ya kisu kabla fuvu halijafunguliwa. Picha za CT-scan huonyesha mfupa kwa ubora zaidi, za MRI nyama laini ya ubongo. Kompyuta huzipanga tabaka kwa tabaka, huipa mishipa ya damu na uvimbe rangi zake, na kichwa cha mgonjwa yule yule hujitokeza ndani ya miwani ya uhalisia pepe. Daktari hukizungusha, huchungulia nyuma ya uvimbe, na kuchagua mahali pa kutoboa pasipo na mshipa mkubwa.

Jicho likisharidhika, hufuata zamu ya mkono. Mwaka 2009 huko Halifax, Canada, daktari David Clarke alitumia mtambo wa NeuroTouch kufanya mazoezi ya kuondoa uvimbe wa mgonjwa wake, kisha akauondoa kweli mezani. Vishikio vya mtambo huo humrudishia mpasuaji uzito wa anachokigusa: uvimbe mgumu hukinza, ubongo hubonyea, mshipa ukikatika damu hutanda. Mwaka 2022, madaktari wa Rio de Janeiro na London walivaa miwani wakakutana katika chumba kimoja cha kidijitali, wakajifunza kuwatenganisha pacha wa Brazil walioungana vichwa.

Mazoezi haya yana mpaka. Fuvu likifunguliwa na maji yake kupungua, ubongo husogea kidogo, na picha ya jana haiwi tena sahihi kabisa. Hata hivyo faida yake ni kubwa, kwani kazi yenyewe haina marudio. Fundi wa majahazi wa Jibondo, katika visiwa vya Mafia, akikosea ubao huung'oa akachonga mwingine kwa tezo. Ubongo hauna ubao wa akiba.

Mafia ni nchi ya minazi, na mkwezi akianguka aweza kuumia kichwa. Safari ya kufika kwa mabingwa wa upasuaji wa ubongo wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni ya ndege kutoka Kilindoni, au ya boti hadi Nyamisati kisha barabara. Damu ikijikusanya ndani ya fuvu, safari hiyo yaweza kumaliza muda wote uliopo. Mwenye uvimbe unaokua taratibu huweza kupangiwa njia yake mwenyewe kwenye miwani. Mkwezi aliyeanguka hana muda huo; hutegemea mkono wa daktari uliokwisha kufanya mazoezi kabla yeye hajapanda mnazi.