Mtama, Tija na Mlaji: Uhakiki wa Majina na Istilahi za Nafaka za Uwanda wa Kati

Katika maandishi yetu ya kilimo, istilahi mbili hutajwa pamoja mara kwa mara, yaani tija na mlaji. Ya kwanza ni ya shamba, ya pili ni ya sokoni na mezani. Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi hizo kwa mtama na uwele, nafaka za Ugogo. Tunaamini kwamba kasoro za maneno zimechangia hasara iliyoonekana shambani na ghalani.

Tuanze na tija. Waandishi wengi hulitumia neno hili kana kwamba ni jina jingine la uzalishaji. Uzalishaji ni wingi wa kilichopatikana. Tija ni wingi huo ukilinganishwa na kilichotumika, kama vile ardhi, maji, mbegu na nguvu za watu. Mkulima akiongeza shamba mara mbili akavuna mara mbili, uzalishaji wake umekua, bali tija ya ardhi yake imebaki pale pale. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kwa wastani zisizofika milimita 600 kwa mwaka. Hapo tofauti hii si ya kisarufi tu.

Hata hivyo, tija hiyo nayo huhesabiwa kwa magunia kwa eka, na hesabu huishia hapo. Kazi ya kukoboa, kupepeta na kusaga haimo, wala siku za kuamia ndege. Mama wa Miyuji, ambaye ndiye mkulima na ndiye mpishi, hana tija mbili. Nguvu zilizookolewa kwenye jembe zikimalizikia kwenye kinu, yeye hakupata kitu.

Mfano bora ni mbegu ya mtama iitwayo Serena, iliyotoka Serere nchini Uganda. Punje zake ni za rangi ya kahawia na zina tanini, ambayo huzifanya ziwe na ukakasi. Ukakasi huo huwachukiza ndege, na kwa mkulima anayesumbuliwa na kwelea kwelea hiyo ni neema. Lakini kinachomchukiza ndege humchukiza na mlaji pia, kwani ugali wake huwa mweusi na mchungu. Mtama mweupe hupendwa mezani, na huko shambani hupendwa na ndege. Anayeandika kwamba mbegu fulani ni bora hana budi aseme ni bora kwa nani. Neno bora likisimama peke yake halijasema kitu.

Tutazame sasa majina ya mbegu zilizofuata, maana jina ni istilahi ya kwanza inayomfikia mkulima. Kuna mtama uitwao Tegemeo. Mwaka 1995 ulitolewa Pato, mwaka 1999 Macia, na mwaka 2002 Hakika na Wahi, ambazo hustahimili gugu la kiduha. Ukiacha Macia, jina lililokuja na mbegu yenyewe kutoka kusini, mengine ni Kiswahili safi, mafupi na rahisi kukumbukwa. Waliyoyachagua wanastahili sifa. Ila yote yanatazama upande mmoja: mavuno ya uhakika, ya mapema na yenye fedha. Hakuna linalogusa chungu. Katika uwele, mwaka 1994 zilitolewa mbegu mbili, Okoa na Shibe. Okoa ni jina la mwaka wa njaa, Shibe ni jina la kila siku. Kwa maoni yetu, Shibe ndilo jina pekee kati ya haya lililotungwa kwa kumfikiria mtu aliyekwisha kunawa mikono.

Kasoro iliyo kubwa zaidi imo katika misemo mazao ya njaa na chakula mbadala. Anayeita mtama mbadala amekwisha kuamua kwamba mahindi ndiyo chakula chenyewe. Ilhali mtama ni wa Afrika tangu asili, na mahindi ni mgeni aliyetoka Amerika. Kwa Mgogo alaye ugali wa uwele kwa mlenda, ni kipi mbadala wa kipi? Nalo jina mazao ya njaa humfundisha mtoto kuona haya kwa chakula cha babu yake.

Matokeo yake tuliyaona. Baada ya ukame wa katikati ya miaka ya 1970, bei za mtama zilipandishwa ili wakulima waupande, nao wakaitika. Kufikia mwisho wa miaka hiyo Shirika la Usagishaji la Taifa lilikuwa na shehena za mtama ambazo watu wa mijini hawakuzitaka. Tusidai kwamba jina peke yake lilifanya hayo, kwani bei, ladha na ugumu wa kukoboa vilikuwamo. Lakini nani anunue kwa hiari chakula kiitwacho cha njaa?

Swali hili limerudi Miyuji kwa sura mpya. Kata hiyo imo ndani ya Dodoma iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na majirani wa mkulima ni watumishi waliozoea wali na sembe. Kwao uwele ni chakula kipya kweli. Kwa mwenyeji si kipya hata kidogo.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Tija isitumiwe bila kutaja ni tija ya nini. Mazao ya njaa na chakula mbadala yaachwe. Pakihitajika sifa ya shambani, isemwe nafaka zinazostahimili ukame. Kwa hali ya watu kukipokea chakula, tunaona ukubalifu wa mlaji unafaa. Tena hapa mlaji asibadilishwe kuwa mtumiaji, kwani nguo hutumiwa, ugali huliwa. Walimu na mabwana shamba wayajaribu maneno haya kwa wanaolima na kupika, kisha watuletee majibu, hata yakiwa ya kuyakataa.