"Mafuta Muhimu" ni Muhimu kwa Nani?

Katika tafsiri za vibandiko vya vipodozi limezuka neno ambalo hatuna budi kulikosoa kabla halijaota mizizi, nalo ni "mafuta muhimu". Mfasiri alikuta sifa ya Kiingereza yenye maana mbili, akaishika ile isiyohusika. Kilichokusudiwa si umuhimu, bali kiini cha harufu kinachotolewa katika mmea, aghalabu kwa kukenekwa.

Tumfikirie mkazi wa Gare, katika milima ya Usambara. Yeye ayajua mafuta ya nazi na ya nyonyo, ambayo hujipaka bila kupima. Akisoma "mafuta muhimu ya msindano, asilia", atayapaka vivyo hivyo, hata kwa mtoto mchanga. Kumbe vitu hivi havina undugu. Tone la mafuta ya nyonyo huacha doa la kudumu juu ya karatasi. La msindano hugeuka mvuke. Ni makali, wala hayafai kupakwa bila kuzimuliwa.

Tena hubadilika. Viambato vyake, kama vile pineni na limonini, vikikutana na hewa huungana na oksijeni vikazaa peroksidi, na hizo huweza kuleta mzio wa ngozi. Ndiyo maana kanuni ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 hudai peroksidi katika mafuta ya misindano zisifike milimoli 10 kwa lita. Kiswahili kina neno lililo karibu na jambo hili: kuchacha. Agizo la "funika vizuri, yasije yakachacha" lingemfaa msomaji kuliko sifa ya "asilia", ambayo haimwonyi lolote.

Kosa la pili ni kuandika "muwasho" mahali pa "mzio". Muwasho huweza kumpata yeyote, dawa ikizidi ukali. Mzio huchagua mtu, na ukishamchagua, kiasi kidogo chatosha. Neno lenyewe tangu zamani lilitaja kitu ambacho mtu fulani hakiwezi ilhali wenzake wakitumia salama. Limechaguliwa vema, tusilipoteze.

La tatu ni "mwerezi". Wasomaji wamelizoea katika Biblia, kwa mti wa Lebanoni. Mti wa Usambara ni mwangati, Juniperus procera, ambao mbao zake Wajerumani walizishusha kutoka Shume hadi Mkumbara kwa njia ya kamba za chuma. Biashara ya Kiingereza huita mafuta ya miti yote miwili kwa jina moja, na hata ya mti mwingine wa Marekani. Mfasiri akifuata mkumbo, mganga hatajua ni mti upi uliomdhuru mgonjwa wake. Liandikwe jina la mti, na jina la Kilatini kando yake.

Sisi twapendekeza "mafuta mvuke": hupatikana zaidi kwa mvuke, na kwa mvuke hutoweka. Watakaosema kwamba "mafuta muhimu" limekwisha zoeleka wakumbuke kuwa istilahi hupimwa kwa yale inayomwezesha msomaji kuyaelewa. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini umo mikononi mwa Shirika la Viwango. Basi wataalamu wa viwango na wa lugha wakae pamoja. Neno baya katika shairi huudhi sikio, lakini juu ya chupa huunguza ngozi.