Kitanzi, Kongosho na Uzito: Juu ya Istilahi za Mitambo ya Insulini

Imetufikia karatasi ya maelezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili, tuliyoletewa na mwalimu wa sekondari mjini Tabora ambaye ana mwanafunzi mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Mwalimu alitaka kumweleza kijana huyo habari za mitambo inayompa mgonjwa insulini bila ya sindano za kila mara. Aliisoma mara mbili, akaona heri atuulize. Nasi tumeisoma, na twaonelea kuwa makosa yake si madogo, wala si ya mfasiri huyo peke yake.

Mtambo wenyewe hufanya kazi hivi. Kihisi kidogo huchomekwa chini ya ngozi, kikapima sukari kila baada ya dakika chache. Kipimo hupelekwa kwenye programu ya kukokotoa, nayo huiamuru pampu iongeze insulini, iipunguze au isimame. Insulini hupita katika mrija mwembamba hadi mwilini. Mtambo wa kwanza wa namna hii uliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Hata hivyo mgonjwa hakupumzishwa kabisa: afikapo mezani hana budi kukadiria wanga uliomo katika ugali wake na kuuarifu mtambo.

Mfasiri wetu ameuitaje? "Mfumo wa kitanzi kilichofungwa nusu." Amelitazama neno la Kiingereza, akaona duara la kamba, akaandika kitanzi. Lakini Mswahili asikiapo kitanzi haoni duara, huona shingo. Ni nani atakayekubali mwanawe avishwe kitanzi, tena kilichofungwa nusu? Kilichokusudiwa ni kwamba matokeo ya kazi hurudi kuisahihisha kazi yenyewe. Twapendekeza "mfumo wa insulini unaojirekebisha", na pale mgonjwa anapotia mkono, "unaojirekebisha kwa sehemu". Ni maneno mengi, twakiri, lakini hayamtishi mtu.

"Kongosho bandia" ni istilahi tamu masikioni, na hapo ndipo penye hatari. Meno bandia hukaa mahali pa meno, na mguu bandia mahali pa mguu. Mzazi asomaye hivyo atadhani kiungo kimebadilishwa na ugonjwa umekwisha. Kongosho la mtu hutoa pia maji ya kumeng'enya chakula, kazi ambayo pampu haiifanyi. Na mrija ukiziba, mgonjwa aweza kuingia hatarini kwa muda wa saa chache tu.

Mwenzetu mmoja alipendekeza neno la njia ya misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walipewa posho, yaani chakula cha siku, kilichopimwa kwa kibaba. Basi insulini ile itolewayo kidogo kidogo mchana na usiku, ale mtu asile, kwa nini isiitwe insulini ya posho? Tulilipenda wazo hilo, kisha tukaliacha, kwa kuwa mtumishi wa serikali wa leo asikiapo posho hufikiria kikao. "Insulini ya msingi" na "insulini ya mlo" zatosha.

Sasa tuje kwenye jambo lililotushughulisha zaidi, nalo ni uzito. Chini ya kichwa "Madhara" karatasi yasema: "Kijana hunawiri." Msomaji atashangaa ni madhara gani hayo. Katika lugha yetu kunenepa ni sifa, na anayekonda huulizwa kama ni mgonjwa. Mfasiri alitafuta neno la adabu akapata neno la pongezi.

Lakini mkasa huu una pande mbili. Kisukari cha aina ya kwanza kisipotibiwa, sukari hupotea katika mkojo na mwili hujila wenyewe. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa wa kwanza kudungwa insulini, huko Toronto mwezi Januari 1922, alikuwa na uzito wa kilo 29 hivi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32. Kijana yule hakufikia mzigo mmoja. Kwake kuongezeka kulikuwa kupona. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993, uliohusu wagonjwa 1,441, ulionyesha kuwa matibabu makali ya insulini yalilinda macho, figo na neva, lakini baada ya miaka mitano waliotibiwa hivyo walikuwa wameongezeka kilo 4.6 zaidi ya wenzao. Kuhusu vijana wanaotumia mitambo hii mipya, matokeo hayajawa ya namna moja.

Tena imejulikana katika nchi mbalimbali kwamba vijana wengine, hasa wasichana, hupunguza insulini kwa makusudi ili wakonde. Hapo neno moja laweza kuua. Ukiandika "kunawiri", hujamwonya mtu. Ukiandika "unene wa kupindukia", kama tulivyoona katika karatasi nyingine, umemwogofya binti hata aiache dawa inayomweka hai. Sisi twasema "uzito kuongezeka", bila sifa wala lawama, na papo hapo ielezwe ni kilo ngapi, kwa nini, na kwamba insulini isiachwe bali amwone mganga ili chakula na vipimo virekebishwe.

Karatasi tumeirudisha kwa mwalimu pamoja na masahihisho. Liko neno moja ambalo hatukulipatia ufumbuzi: hali ya sukari kushuka mno, jasho likamtoka mtu na mikono ikatetemeka. Vitabu vyasema "upungufu wa sukari", maneno ambayo mwenye duka aweza kuyaandika mlangoni pake. Wasomaji wa Tabora, Nzega, Urambo na Kigoma, hasa wauguzi, watuandikie wagonjwa wao husemaje.