Mguu Kwanza: Kumpima Mchezaji wa Tenisi Juu ya Udongo

Masika yakishika na pepo za kusi zikianza, bahari hapa Kuruwitu, kwenye pwani ya Kenya, huchafuka, na wavuvi hupata wasaa wa kukaa barazani. Ndio msimu huohuo wa tenisi ya udongo huko Ulaya: Monte Carlo mwezi wa Aprili, halafu Madrid na Roma, kisha Roland Garros jijini Paris hadi Juni. Nimezoea kuutazama msimu huu na mjomba wangu, mvuvi mstaafu ambaye hajawahi kushika raketi. Siku ya kwanza alikaa kimya gemu tatu nzima, kisha akaniuliza: "Mpwa wangu, mbona huyu anafika na yule anafukuza?"

Mimi nilikuwa naangalia mpira. Yeye alikuwa anaangalia miguu, na tangu siku ile nimeamini hapo ndipo pa kuanzia.

Lakini kwanza uujue uwanja. Tunauita udongo, ila ule mwekundu wa Paris ni unga wa matofali yaliyosagwa, tabaka jembamba la milimita moja au mbili tu, lililolazwa juu ya mawe meupe ya chokaa yaliyopondwa. Unga huo huukamata mpira unapotua, huupunguza mwendo na kuurusha juu. Kwa hiyo servi ambayo kwenye nyasi za Wimbledon ingemaliza mambo, hapa hurudishwa, na kazi huanza upya. Pete Sampras alishinda mataji 14 makubwa, wala hakulipata hata moja Paris. Mkono alikuwa nao. Uwanja ndio uliomkataa.

Sasa mguu. Mchezaji wa udongo huserereka, na wengi husifu mserereko kwa urefu wake. Huo si ufundi. Tazama unapoishia. Fundi huanza kuserereka kabla hajaupiga mpira, na mguu wake husimama raketi inapokutana nao. Mwili umetulia, na hatua ya kwanza ya kurudi katikati tayari imo ndani ya pigo. Asiyekuwa fundi hupiga kwanza ndipo aserereke, naye hujikuta nje ya uwanja, mgongo umepinda, mpira unaofuata ukipita upande wa pili. Ukitaka uhakika, pointi ikiisha iangalie ardhi. Mfuo wa fundi ni mmoja, umenyooka, una ncha. Wa mwenzake umevurugika kama mahali kuku walipopekua. Rafael Nadal alibeba kombe la Paris mara 14, akacheza mechi 116 pale na kufungwa nne tu. Walipomuaga Mei 2025, waliweka kando ya wavu wa uwanja mkuu kibao chenye alama ya unyayo wake. Sioni heshima ambayo ingemfaa zaidi.

Baada ya mguu, tazama kimo. Televisheni hupenda kutuonyesha kasi ya mpira, lakini juu ya udongo swali ni hili: mpira umempata mpinzani kiunoni au begani? Mpira uliosokotwa vizuri hupita juu sana ya wavu, huzama ghafla, kisha hupanda kama uliopigwa teke. Anayeupokea begani hana nguvu ya kuurudisha, anaweza kuusukuma tu. Nadal, kwa mkono wake wa kushoto, aliwapelekea watu mpira huo upande wa mkono wao wa nyuma saa nzima, hata Roger Federer, mwenye mkono wa nyuma mzuri kuliko wote, akawa anaupigia juu ya bega lake.

Mpira wa kudondosha karibu na wavu usiupime kwa makofi ya watazamaji. Rudi nyuma mapigo matatu, uone mpinzani alivyosukumwa kidogo kidogo hadi mita tatu nyuma ya mstari. Carlos Alcaraz hupendeza kwa sababu hiyo: hudondosha mpira pale ambapo tayari amemhamisha mtu. Anayedondosha kwa sababu amechoka anakimbia kazi.

Mahali pia pana neno. Madrid iko mita 650 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huruka. Nairobi imeinuka zaidi, na pale Nairobi Club, palipochezwa Davis Cup ya kanda ya Afrika juu ya udongo mwaka 2018, mwenye servi nzito hupata nafuu ambayo Roma asingeipata. Kwa hiyo bingwa wa Madrid nampongeza, ila simwamini bado. Monte Carlo, kando ya bahari, hewa nzito na mpira uliolowa unyevu, ndipo ninapoamini nilichokiona.

Jambo moja linaniuma. Udongo ulikuwa uwanja pekee uliotunza ushahidi wake: mwamuzi alishuka kitini, akainama juu ya alama ya mpira, na wachezaji wote wawili wakaiona. Tangu 2025 mashindano ya wanaume ya ATP yameiachia mashine kazi hiyo. Roland Garros mwaka huo walibaki na waamuzi wa mistari, na natamani wasiwaondoe.

Fainali ya Paris ya 2025 ilianza saa kumi jioni kwa saa zetu, Alcaraz na Mwitaliano Jannik Sinner. Malindi, kwa Waitaliano wengi waliohamia huko, usingekosa kujua baraza ziko upande gani. Seti ya nne Sinner aliongoza seti mbili kwa moja, gemu tano kwa tatu, na akapata pointi tatu za ubingwa Alcaraz akiservi. Nilisimama kwenda kuteka maji, nikijua imekwisha. Mjomba akanishika shati. "Kaa. Huyu mguu wake bado unasimama."

Alcaraz alizifuta zote tatu. Walicheza saa 5 na dakika 29, hakuna fainali ya Paris iliyowahi kuwa ndefu hivyo, na Alcaraz akaichukua taibreki ya mwisho 10 kwa 2. Ilikuwa saa tatu unusu ya usiku, chai imepoa, na mjomba bado alikuwa ameinamia skrini, akiangalia chini.