Ndoo Moja, Metali Tofauti: Vyuma Vidogo vya Ndani ya Volkswagen ya 1965

Vishikio viwili vya kupandishia vioo viliingia kwenye ndoo ya asidi vikiwa na madoa machache tu. Vilitoka vimejaa matundu, kromu yake imevimba na kubanduka. Ndani ya ndoo hiyohiyo zilikuwemo skrubu, springi, bawaba, kisahani cha majivu na reli za viti. Gereji iliyofanya hivyo haikuwa na nia mbaya: vyote vina kutu, asidi hutoa kutu, basi vyote vizamishwe. Gari lilipohamishiwa kwa fundi mwingine, jambo la kwanza alilofanya ni kumwaga vilivyobaki juu ya meza na kuvipanga upya kimoja kimoja. Upangaji huo ndio ninaotaka kuuchambua, kwa sababu naamini ndio kazi yenyewe. Kutoa kutu ni hatua fupi. Kitakachoamua kama kipande kitarudi garini ni kujua kimetengenezwa kwa metali gani, kiwandani kilivikwa nini, na kinabeba mzigo gani.

Gari ni Volkswagen Beetle iliyokaa kwa miaka mingi chini ya banda Mombasa. Hakuna haja ya kulitambulisha kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Magari ya aina hii ndiyo yaliyoshinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na yaliendelea kuundwa hadi mwaka 2003, kule Puebla, Mexico, yakiwa yamepita milioni 21. Kwa wingi huo vipuri vya injini havisumbui kuvipata. Vinavyosumbua ni hivi vidogo vya ndani, vyenye umbo la mwaka wake, ambavyo mwenye gari akivitupa leo atavitafuta mpaka achoke.

Watu hushangaa kwamba gari linaweza kuoza kwa ndani wakati mvua hainyeshi humo. Pwani haihitaji mvua. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi ya bahari si ile ya mezani peke yake. Imo pia magnesiamu kloridi, ambayo huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukiwa karibu asilimia 33 tu. Mombasa hewa haiwi kavu kiasi hicho. Kwa hiyo punje ya chumvi iliyotua kwenye reli ya kiti hubaki na unyevu usiku na mchana, na palipo na unyevu, oksijeni na chumvi, chuma huliwa. Kutu nayo huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Ndiyo maana reli inayoteleza hukwama hata kama haijapungua unene kwa kiasi cha kuonekana, na ndiyo maana rangi huinuka kabla tundu halijatokea.

Beetle ina matatizo yake mawili zaidi. Kwanza, viti vyake vilijazwa nyuzi za makumbi na manyoya zilizoshikanishwa kwa mpira. Makumbi yakishalowa hayakauki upesi, na springi za kiti zimelala ndani yake. Pili, betri imewekwa chini ya kiti cha nyuma. Betri ya zamani inapochajiwa hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo hauna pa kwenda isipokuwa kwenye fremu na springi za kiti kilicho juu yake. Fundi anayesafisha springi hizo bila kuuliza habari za betri atazisafisha tena.

Upangaji wenyewe ulianza kwa sumaku. Chuma cha kawaida kilichovikwa kromu hunasa barabara, lakini kishikio cha kioo hakinasi, kwa kuwa kimesubiwa kwa aloi ya zinki na kuvikwa shaba, nikeli na kromu juu yake. Kwa macho vyote viwili vinang'aa sawa. Palipo na shaka, fundi alikwangua kidogo kwa tupa upande wa nyuma, mahali pasipoonekana. Kila fungu likawekwa kwenye bakuli lake, na kila kipande kikapigwa picha kabla ya kuguswa, pamoja na skrubu zake.

Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini vishikio viliharibika. Kromu huwa na vitundu vidogo mno visivyoonekana. Asidi hupenya humo, na zinki iliyo chini huyeyuka haraka kuliko chuma. Zaidi ya hayo, zinki inapogusana na chuma ndani ya majimaji hayo, hujitoa mhanga, ikaliwa kwanza. Metali ya chini ikiondoka, kromu ya juu haina pa kushika. Zinki iliyofikia hapo hairudi. Kilichobaki ni kutafuta vishikio kutoka gari bovu la mwaka wa karibu, na vikipatikana, kuviosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini, kisha kuvipaka nta. Hakuna zaidi.

Vipande vya chuma vyenye kromu, kama mkono wa breki, vilipata tiba nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, ikifinyangwa na kuloweshwa maji, husugua vidoa vya kutu bila kukwaruza, kwa kuwa aluminiamu ni laini kuliko kromu. Pale ambapo kromu imeshakatika, hakuna sabuni wala msasa wa kuirudisha. Ama kipande kipelekwe kuvikwa upya, ama kikubaliwe kilivyo. Mimi ningekikubali. Alama ya mkono wa dereva wa miaka hiyo ina thamani kuliko mng'ao wa jana.

Reli za viti ndizo zilizostahili kazi kubwa, na hapa fundi alitumia umeme. Ndoo ya plastiki hujazwa maji, huongezwa sodiamu kaboneti, yaani soda ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne hivi. Reli hufungwa kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na vipande vya chuma chakavu hufungwa kwenye waya chanya. Kosa la kugeuza nyaya hizo hula reli badala ya kutu, hivyo hukaguliwa kabla ya kuwasha. Umeme husafiri vizuri zaidi pale ambapo chuma chakavu kinatazamana na kutu, ndiyo maana chakavu huwekwa pande zote mbili, bila kugusa reli. Ampea moja au mbili zinatosha vyuma vidogo. Mapovu huanza kupanda, na kutu nyekundu hulegea au kugeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi ya kawaida.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haigusi chuma kizima. Namba na alama zilizogongwa kiwandani hubaki, jambo ambalo diski ya kusagia haiwezi kuliahidi. Ila ina masharti yasiyo na mjadala. Mapovu hayo ni haidrojeni, hivyo kazi hufanyika penye hewa wazi, mbali na sigara na cheche, na chaja huzimwa kabla ya kugusa waya wowote. Chuma kisichoshika kutu, kama kijiko cha jikoni, kisitumike upande wa chanya, kwa kuwa kromiamu iliyomo hutoka ikiwa katika hali ya sumu kali. Na kipande chochote cha zinki au aluminiamu kisiingie humo.

Niliwahi kusikia fundi kijana akiuliza, "Mzee, kwani magadi ya sokoni hayafai? Si ni kitu kilekile?" Swali ni la maana, maana magadi kweli yana sodiamu kaboneti. Lakini magadi ghafi, kama yale ya Ziwa Magadi, huja na chumvi ya kawaida na floridi. Chumvi ikiingia kwenye ndoo yenye umeme, upande wa chanya unaweza kutoa klorini, na kloridi nyingine hubaki kwenye vishimo vya chuma zikisubiri unyevu. Unatoa kutu ya zamani na kupanda mbegu ya kutu mpya. Soda iliyosafishwa haina gharama ya kumfanya mtu ahatarishe kazi yote.

Reli zilipotoka zilipimwa unene kwa kalipa, hasa kwenye meno ambamo komeo la kiti huingia. Kipimo hiki sikubali kirukwe. Reli iliyoliwa sana haijazwi pati wala kupakwa rangi ikapendeza. Hubadilishwa, kwa sababu kiti kikiteleza nyuma ghafla barabarani dereva hufikia usukani kwa shida na pedali hafikii kabisa. Reli zilizofaulu zilipakwa asidi ya fosfori iliyozimuliwa, ambayo huacha ngozi ya kijivu ya fosfeti. Ngozi hiyo hushika mafuta vizuri. Sehemu zinazoteleza hazikupakwa rangi hata kidogo, zilipakwa grisi.

Springi ndizo zilizonipa mawazo zaidi, kwa kuwa madhara yake hayaonekani. Chuma cha springi ni kigumu na kina kaboni nyingi. Kikizamishwa kwenye asidi, au kikifungwa upande wa hasi wa umeme, atomu za haidrojeni huingia ndani ya metali na kukifanya kivunjike kwa ghafla. Springi huweza kutoka kwenye ndoo safi, ikanyooka na kujikunja bila tatizo, kisha ikakatika siku kadhaa baadaye ikiwa imebanwa mahali pake. Viwanda vinavyovika metali kwa umeme hujua hatari hii na huoka vipande vigumu kwenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa kadhaa, tena mapema baada ya kazi, ili haidrojeni itoke. Springi zilizokuwa kwenye ile ndoo ya kwanza zilikuwa zimekaa muda mrefu mno bila kuokwa. Fundi alizitupa zile za komeo la kiti, na aliamua sawa. Za ndani ya kiti zilizobaki, ambazo hazikuguswa na asidi, zilisuguliwa kwa brashi ya waya, zikafutwa mafuta, zikapakwa praima yenye zinki na rangi. Makumbi yaliyooza hayakurudishwa.

Kwa kisahani cha majivu na mabano membamba yenye kutu nyepesi iliyoshikamana, ilitumika dawa yenye tanini. Tanini hukutana na kutu ikaigeuza kuwa ngozi nyeusi yenye rangi ya buluu, tulivu. Wahifadhi wa makumbusho wameitumia kwa vyuma vya kale. Pwani tunaifahamu kwa njia nyingine, kwani magome ya mikoko yamejaa tanini, na enzi za Wajerumani yalisafirishwa kutoka Rufiji kwa kazi ya kutengeneza ngozi. Lakini dawa hii ina mpaka. Kutu inayomomonyoka lazima iondolewe kwanza, maana tanini hufika juu tu, na chini yake uozo huendelea kimyakimya. Na ngozi hiyo nyeusi si rangi ya mwisho. Bila kupakwa juu yake itashindwa na hewa ya bahari.

Skrubu zina sumu yake. Vipande vingi vidogo vya magari ya miaka ile vilivikwa zinki au kadimiamu, na kwa macho si rahisi kuvitenganisha. Vumbi na moshi wa kadimiamu hudhuru mapafu na figo. Kwa hiyo skrubu za zamani zenye rangi ya dhahabu au fedha hafifu hazisagwi kavu wala hazichomwi kwa moto ili zilegee. Huwekwa mafuta ya kulegeza, husubiriwa, hugongwa kichwani taratibu, kisha bisibisi inayojaa mfereji wake hufanya kazi. Zilizokatika zilibadilishwa bila majonzi, kwani gari la Kijerumani lina nyuzi za milimita zinazopatikana dukani. Mwenye Morris Minor au Land Rover ya umri huohuo hana bahati hiyo, na itambidi apime nyuzi kabla ya kulazimisha nati.

Baada ya kutu kutoka, kuna hatua ambayo mafundi wengi wa pwani huiharakisha, nayo ni kutoa chumvi. Chuma kinaweza kung'aa huku vishimo vyake vikiwa na kloridi. Vipande vya chuma viliroweshwa kwenye maji safi yasiyo ya kisima, maji yakabadilishwa mara kwa mara, vikamaliziwa kwa maji ya moto ili vikauke vyenyewe kwa joto lake, kisha vikapulizwa hewa kavu. Chuma kitupu Mombasa hupata wekundu kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo praima ya epoksi ilikuwa tayari imechanganywa. Vile vilivyopitia asidi ya fosfori na vikahitaji rangi vilisuuzwa zaidi, kwa kuwa epoksi haigandi vizuri juu ya mabaki ya asidi. Kuhusu rangi sina mengi: tabaka nyembamba, kila moja ikauke, na mng'ao ulingane na ule uliofichwa nyuma ya kipande cha asili.

Wakati wa kufunga, washa za nailoni ziliwekwa kati ya vishikio vya zinki na mlango ili metali hizo mbili zisigusane penye unyevu. Zulia la chini lililokuwa limeshika chumvi halikurudi. Betri ilirudishwa mahali pake, vichwa vyake vikapakwa grisi, na kifuniko chake kikafungwa juu yake kabla kiti cha nyuma hakijashushwa.