Kupanga, Kuandika Rasimu na Kurekebisha Insha: Uhakiki wa Mtazamo wa Mchakato katika Kozi za Uandishi Vyuoni

1.0 Utangulizi

Kozi ya uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni miongoni mwa kozi kongwe katika vyuo vikuu vya Marekani. Kwa muda mrefu kozi hiyo ilipima insha iliyokwisha kukamilika: mwalimu alitoa mada, mwanafunzi akaandika, mwalimu akasahihisha makosa na kutoa alama. Tangu miaka ya 1970, msisitizo ulihamia katika hatua tatu, yaani kupanga, kuandika rasimu na kurekebisha. Hatua hizo zimezoeleka kiasi cha kuonekana kana kwamba ndivyo uandishi ulivyo kwa asili yake.

Sehemu hii inahakiki mgawanyo huo. Hoja inayotetewa ni kwamba udhaifu mkubwa wa mtazamo wa mchakato haumo katika tafiti zilizoujenga, bali katika namna ulivyogeuzwa kuwa ratiba ya kukusanya kazi. Ratiba hiyo inapotawala, kurekebisha hubaki jina tu, na anayeathirika zaidi ni mwanafunzi ambaye hakuwahi kufundishwa kuandika upya kabla ya kuingia chuoni.

2.0 Chimbuko la Hatua Tatu

Rohman (1965) alitenganisha kipindi cha kabla ya kuandika, kipindi cha kuandika na kipindi cha kuandika upya. Murray (1972) aliutumia mgawanyo wa namna hiyo kuwataka walimu wafundishe mchakato badala ya zao lake. Alikadiria kwamba maandalizi huchukua takribani asilimia 85 ya muda wa mwandishi, rasimu ya kwanza huweza kuchukua asilimia 1 tu, na kuandika upya asilimia 14 zinazobaki. Makadirio haya yanapaswa kusomwa kwa tahadhari. Murray alikuwa mwandishi wa habari aliyebobea, aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1954 kwa tahariri zake. Alichoeleza ni mazoea ya mtu ambaye kazi yake ni kuandika. Mwanafunzi mwenye kozi nyingine kadhaa katika muhula huohuo hana muda wa namna hiyo, na kumpa hatua za mwandishi huyo bila kumpa muda wake ni kumpa nusu ya kitu.

Tafiti zilizofuata mwenendo halisi wa waandishi zilitoa picha tofauti na ya hatua zinazopangwa mstari mmoja. Emig (1971) aliwachunguza wanafunzi 8 wa mwaka wa mwisho wa sekondari, akiwataka waseme kwa sauti yale yaliyopita akilini mwao walipokuwa wakiandika. Alibaini kwamba uandishi huenda mbele na kurudi nyuma, na kwamba wanafunzi hawakuwa na ari ya kurekebisha kazi walizoandika kwa sababu tu shule ilizitaka. Flower na Hayes (1981) walikwenda mbali zaidi. Kwa mujibu wao, kupanga, kuweka mawazo katika maneno na kupitia kilichoandikwa ni shughuli zinazoingiliana, na mojawapo huweza kukatiza nyingine wakati wowote. Aidha, mwandishi huunda malengo mapya kutokana na yale anayoyagundua akiwa katikati ya kuandika. Kwa mantiki hiyo, modeli yao ilikuwa pingamizi dhidi ya dhana ya hatua zinazofuatana.

3.0 Hatua Zinapogeuka Kuwa Tarehe

Ni jambo la kushangaza, basi, kwamba kozi nyingi zinazojinasibisha na mtazamo huu huwataka wanafunzi wakusanye mpango wiki ya kwanza, rasimu wiki ya pili na insha iliyorekebishwa wiki ya tatu, kila kipande kikiwa na alama zake. Sababu yake inaeleweka: mwalimu mwenye madarasa makubwa anahitaji kitu kinachoonekana, na tarehe huonekana kuliko fikra. Hata hivyo, athari yake ni kwamba mchakato wenyewe huwa zao jipya. Mahali pa karatasi moja sasa pana karatasi tatu.

Mfano wa kubuni unaweza kulifafanua jambo hili. Mwanafunzi anapanga kutetea kwamba simu zipigwe marufuku darasani. Akifika aya ya tatu ya rasimu, anatambua kwamba mifano yake yote inahusu wanafunzi wasiokuwa na vitabu, ambao simu ndiyo maktaba yao. Mwandishi mzoefu angeubadili msimamo wake hapo, kwani uandishi umemfunulia jambo. Mwanafunzi aliyekwisha kupewa alama za mpango ana sababu nzuri ya kutoufanya ugunduzi huo, au kuuficha. Iwapo rasimu itapimwa kwa jinsi inavyoufuata mpango, uaminifu kwa mpango utazawadiwa na uaminifu kwa hoja utaadhibiwa. Mwerevu atagundua njia rahisi zaidi: kuandika insha nzima kwanza, kisha kuutoa mpango ndani yake.

4.0 Kurekebisha ni Kazi ya Nani?

Hatua ya tatu ndiyo inayodhihirisha udhaifu huu kwa uwazi zaidi. Sommers (1980) alilinganisha wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza na waandishi wazoefu 20. Kila mshiriki aliandika insha tatu na kuandika upya kila moja mara mbili. Wanafunzi waliielewa kazi hiyo zaidi kama kubadili maneno: kuondoa yaliyojirudia na kutafuta yaliyo bora. Waandishi wazoefu waliielewa kama kutafuta umbo la hoja, wakiisoma rasimu kwa jicho la msomaji ambaye hajashawishika. Wanafunzi hawakushindwa kwa uvivu. Walizitekeleza kwa bidii kanuni walizofundishwa, na kanuni hizo zilihusu maneno na sentensi.

Chanzo cha mazoea hayo kinaonekana katika makala ya Sommers (1982), yaliyochunguza maoni ya walimu 35 wa vyuo vikuu viwili juu ya kazi za wanafunzi. Maoni mengi yalikinzana: katika aya ileile mwanafunzi aliambiwa arekebishe sarufi ya sentensi na papo hapo aambiwe kwamba wazo lililomo halijakomaa. Ikiwa aya yote itaandikwa upya, kuna haja gani ya kusahihisha koma ndani yake? Isitoshe, maoni kama hayo humhamisha mwanafunzi kutoka katika kusudi lake kwenda katika kusudi la mwalimu. Rasimu ya pili huwa jibu la maagizo, na mwanafunzi hupata alama nzuri bila kuwahi kuamua lolote kuhusu insha yake.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba mwalimu ajiondoe. Delpit (1988) alitoa hoja nzito dhidi ya wafuasi wa mchakato: mwalimu anayekataa kuzitaja kanuni za lugha yenye hadhi huwanufaisha watoto waliokwisha kuzipata nyumbani, na huwaacha wengine wabahatishe. Naye Shaughnessy (1977), akichunguza takribani insha 4,000 za wanafunzi waliopokelewa City College ya New York chini ya sera ya milango wazi, alionesha kwamba hata makosa yanayoonekana holela yana mantiki inayoweza kusomwa. Hoja hizi mbili zinakamilishana. Kanuni zitajwe waziwazi, lakini zitajwe wakati wake, na kosa lisomwe kabla ya kufutwa.

5.0 Suala la Istilahi katika Kiswahili

Mtazamo huu unapohamishiwa katika ufundishaji kwa Kiswahili, tatizo lililotajwa hukutana na tatizo la istilahi. Kitenzi "kusahihisha" hutumika kwa mwalimu anayetoa alama, na hutumika pia kwa mwandishi anayeondoa makosa katika kazi yake. Mzizi wake ni "sahihi". Kwa hiyo hudokeza kwamba kuna jibu moja ambalo maandishi yanapaswa kulifikia. "Kuhariri" huelekea katika lugha na mpangilio wa matini iliyo karibu kukamilika. "Kurekebisha" ni pana zaidi, ila huweza kueleweka kuwa ni kutengeneza kilichoharibika. "Kuandika upya" pekee ndiko kunakobeba wazo kwamba hoja yenyewe huenda ikabadilika.

Tofauti hizi zina uzito kwa sababu mwanafunzi anayefika chuoni kutoka shule za sekondari za Tanzania au Kenya amezoea insha ya mtihani, inayoandikwa mara moja ndani ya muda uliopangwa na kusahihishwa na mtu asiyemjua. Mwanafunzi huyo akiambiwa "sahihisha rasimu yako", atatafuta makosa. Anaweza kufika hadi ngazi ya tasnifu akiyapokea maoni ya msimamizi kwa namna hiyohiyo: kama orodha ya vitu vya kufuta, ilhali yameandikwa kama maswali ya kujibiwa.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu haupendekezi kuachwa kwa kupanga, kuandika rasimu na kurekebisha. Unapendekeza kwamba shughuli hizo zisipimwe kwa kutengana. Mambo matatu yanafuata. Kwanza, mpango uruhusiwe kubadilika, na mwanafunzi aulizwe ni nini kilichoubadili. Pili, maoni juu ya rasimu ya kwanza yahusu hoja na msomaji, na masuala ya sarufi yangoje hadi matini itulie. Tatu, alama ije baada ya kuandika upya. Elbow na Belanoff walielekea huko katika miaka ya 1980, walipotumia jalada la kazi badala ya mtihani wa uandishi katika Chuo Kikuu cha Stony Brook.

Kozi inayofanya hivyo itahitaji muda mwingi zaidi kwa insha chache zaidi, na gharama hiyo si ndogo kwa vyuo vyenye madarasa makubwa. Lakini kozi inayokusanya karatasi tatu na kuziita mchakato nayo ina gharama yake. Gharama hiyo hulipwa na mwanafunzi, anayehitimu akiwa amesahihishwa mara nyingi bila kuwahi kuandika upya.